Jina la Bi Tucker na Ng'ombe wa Baba

Mashuka ya wazee yana harufu yake asubuhi, kabla hayajaingia kwenye mashine. Nafanya kazi ya kuwatunza wazee katika nyumba moja hapa Clintonville, mtaa wa mji wa Columbus, Amerika, na wenzangu wapya huziba pua wanapoyakusanya. Mimi sizibi. Harufu ile ya mkojo uliolala hunirudisha moja kwa moja Buffalo, darasa la tano, na nikifika huko uso unaniwaka kwa aibu. Mnivumilie niwasimulie, maana nyumbani sijathubutu.

Tulikuwa tunakaa Black Rock, mtaa mmoja wa Buffalo. Mwalimu wetu, Bi Tucker, alikuwa mwanamke mrefu mwenye miguu mikubwa, na alipenda sana habari za majina. Mwaka ule alitaka kila mtoto aje na mzazi wake, mchana wa Ijumaa, waeleze jina la ukoo wao lilitoka wapi. Hapo ndipo shida yangu ilipoanza, kwa sababu sisi watu wa milima ya Kivu ya Kusini hatukuwa na desturi ya kurithishana jina. Kila mtoto hupewa lake anapozaliwa. Mimi niliitwa Namahoro, jina la amani, kwa kuwa nilizaliwa vita vilipotulia kidogo, baba alikuwa na lake, na kaka yangu lake. Shuleni, kwa kuwa majina yetu hayakufanana, waliniuliza kama yule mzee ni baba yangu kweli. Nilitamani tungekuwa na jina moja la nyumba nzima, kama watu.

Baba alitoka kiwandani, akapitia nyumbani kuvaa koti lake la kanisani. Aliketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakikaribia kidevu, nami nikamfasiria kwa kunong'ona. Bi Tucker alianza na jina lake mwenyewe. Zamani kule Uingereza, alisema, mtu aliitwa kwa kazi yake, na watoto wakabaki na jina hata kazi yenyewe ilipokwisha. Tucker, kwa Kiingereza cha zamani, alikuwa mtu wa kusafisha vitambaa vya sufu, vilivyotoka kwa mfumaji vikiwa na mafuta na uchafu. Alivitia kwenye pipa, akavikanyaga kwa miguu mitupu kutwa nzima mpaka vikashikana na kuwa vizito. Pande nyingine za nchi ile mtu huyohuyo aliitwa Fuller, kwingine Walker.

"Na ndani ya pipa hamkuwa na sabuni," alisema. "Mlikuwa na mkojo uliochacha, uliokusanywa nyumba kwa nyumba."

Darasa liliangua kicheko. Wavulana walijitupa chini ya meza, hata wazazi wengine walifunika midomo. Bi Tucker alicheka nao, akanyoosha kiatu chake kipana, akasema sasa tunajua miguu hii aliirithi wapi. Hakuona haya hata chembe. Haya niliona mimi kwa niaba yake.

Nilimfasiria baba nikidhani atakunja uso. Badala yake alijiinua kitini, macho yanang'aa.

"Mama," aliniambia, kama baba zetu wanavyowaita mabinti zao wakiwa na furaha, "umwambie mwalimu, siye pia tulikuwa tunasafishaka byombo bya maziwa kwa mikojo ya ng'ombe. Njo maana maziwa haikukuwa inaharibika mbio. Donc, basi, bakubwa yake na bakubwa yetu balikuwa na akili moja."

Alikuwa amesema kwa sauti, na darasa zima likatugeukia. Bi Tucker aliinamisha kichwa akingoja. Mimi nilikuwa tayari nawasikia wavulana wale uwanjani Jumatatu, na jina watakalonibandika. Mdomo wangu, uliozoea kufasiri maneno ya madaktari bila kukwama, haukuyatoa maneno yale. Nikatazama meza.

Baba alinitazama mimi. Furaha ilimtoka usoni taratibu.

"Bon," alisema, "wacha, mama. Umwambie tu aksanti."

Hilo nililifasiri upesi. Bi Tucker naye akashukuru, akampa nafasi mzazi mwingine. Jioni mama alipouliza mambo yalikwendaje, baba alimwambia kwamba mwalimu anatoka kwa watu wazuri, na kwamba mtoto alifasiri vizuri.

Nami nilifurahi kuwa nimeponea chupuchupu. Sikuelewa kwamba tangu tufike Amerika baba alikuwa mtu wa kufundishwa kila kitu, hata namna ya kufunga boksi. Siku ile, kwa mara ya kwanza, alikutana na mwenyeji ambaye wazee wake walijua jambo alilolijua yeye. Alitaka kumsalimu kama jamaa, na salamu yake ilikuwa haina njia nyingine ila kinywa changu. Bi Tucker angeifurahia sana. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba mtu wa kuipokea alikuwepo.

Nilidhani baba alisahau. Jumapili iliyopita nilimpigia simu Buffalo, nikamwomba anieleze vile vyombo vya maziwa vilisafishwaje, tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu binti yangu ameanza kuuliza habari za kwetu na mimi sina la kumjibu. Baba alishusha sauti, kama mtu anayemlinda mwenzake na aibu.

"Mama," aliuliza, "uko na bazungu hapo?"