Koti la Kupigia Picha

Watoto humwita Dada Chaki, maana huyo mwanachuo anayejitolea kuwafundisha haanzi somo mpaka aivunje chaki vipande viwili, kimoja chake, kingine cha atakayekosea. Huja kila Jumamosi na viatu vya vumbi na sauti ya kukwaruza, na ukimwambia hujui, hukujibu, "Hujui bado. Njoo ubaoni." Binti wa dawati la mbele, anayetaka kuwa fundi wa kuchomelea vyuma, anampenda kwa sababu hajawahi kumcheka. Jumamosi hii wakaja wafadhili. Mpiga picha wao akafuta hesabu ubaoni, akaandika "Madaktari wa Kesho", akatoa koti moja jeupe, eti kila mtoto alivae, atabasamu, alivue, ampe mwenzake.

"Mimi sitaki udaktari," binti alisema.

"Vaa tu, mwanangu, ni picha," mpiga picha alisema, akamsokomeza mkono kwenye koti kama anayevalisha mdoli.

Chaki ikasagika kiganjani mwa Dada Chaki. "Mwaka mzima naomba vitabu, mnaniletea koti?"

"Dada, punguza jazba. Tunawasaidia hawa," mpiga picha alisema.

Dada Chaki alimvua binti lile koti taratibu, kifungo kwa kifungo, kisha akalifanya dasta. Akafuta madaktari wote wa kesho kwa nguvu, juu mpaka chini, vumbi likiwatua wageni mabegani. Akamrushia mpiga picha koti lake, akampa binti kipande cha chaki.

"Haya, fundi. Tuliishia wapi?"