Hapa Huna Chako

Nilimfukuza baba yangu mzazi kwa sauti yangu mwenyewe, huku mimi nikiwa sebuleni nabishana na pazia.

Pazia lenyewe lilikuwa la kujifunga. Nilikuwa nimeliunganisha na simu, na kila nikiliamuru lilifika katikati ya dirisha likarudi, kama mlevi aliyesahau kwake ni wapi. Fizikia nilipata D, na mke wangu hapendi nisahau. Yeye ndiye wa kutoka. Ana duka la nguo Mosocho. Mimi ni wa kubaki, nalinda viti visitembee. Nyumba yetu ilianza kujiendesha kwa sababu mwenyewe nilikuwa mvivu wa kuinuka kuzima taa.

Nilianza na taa moja. Nikaongeza ya jikoni, ya choo, halafu redio, halafu kamera ya veranda yenye kijicho kinachotambua chochote kinachosogea. Mkungu wa ndizi ulipoibwa nikaongeza spika, ili kijicho kikiona mtu, spika impe onyo. Onyo lililokuja nayo kutoka kiwandani lilikuwa la Kiingereza, la mwanamke mpole.

"Mwizi wa hapa Kiogoro atadhani anakaribishwa chai," mke wangu akasema.

Basi nikajirekodi kwa Kigusii, kwa sauti kali ambayo sijawahi kuthubutu kuitoa mbele ya mtu mzima: Nimekuona wewe. Ondoka. Hapa huna chako. Kijicho nikakielekeza kwenye pembe ya veranda, pale mtu akisimama haonekani kutoka barabarani.

Pembe hiyo tulikuwa tumemwachia baba. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni chinsoni, heshima ya kuoneana haya, na hakuna mvua inayoivunja. Anaketi nje, chakula kinamfuata nje, na mazungumzo pia. Ndiyo maana veranda yetu ni pana kuliko sebule. Lakini baba hakuwahi kuikalia. Alikasirika nilipoliacha shamba la chai kule Magwagwa nikanunua ploti hapa karibu na mji, na tangu nyumba iishe hakuwa amekanyaga. Mke wangu alimtumia salamu kwa kila mtu aliyekuwa akielekea huko: mwambieni mahali pake pako wazi.

Alasiri hiyo akaja bila kupiga simu, kama wazee wanavyokuja. Yote niliyaona baadaye kwenye kamera. Amevaa koti la kanisani, amebeba kigoda cha miguu mitatu alichoachiwa na babu. Mtu hatembei na kigoda kama hicho kwa ajili ya kusalimia. Alikuja kunipa.

Akakitua, akakohoa, kama baba anavyokohoa penye mlango wa mwanawe. Spika ikamwambia hana chake hapa.

Akautazama mlango. "Mwanangu, ni mimi."

Spika ikarudia.

"Nimekuja kwa amani," akasema, sauti ikiwa chini kidogo, na akavua kofia. Kijicho hakikujua kofia ni nini. Kiliona mkono umesogea. Ondoka. Hapa huna chako.

Mimi nilikuwa na visikizi masikioni, namfuata fundi wa kwenye video anayejua mapazia. Simu ikaandika: kuna mtu verandani. Nikadhani ni mbuzi wa jirani, nikafurahi kwamba mtambo unafanya kazi, nikarudi kwa pazia langu. Mvua ya mawe ikaanza. Kwenye kamera baba anaweka kigoda kichwani, miguu ikitazama juu kama pembe, anatoka getini bila kukimbia.

Nilipoyaona hayo nilikwenda Magwagwa kueleza. Nilimkuta nje, amekalia kigoda chenyewe. Alinisikiliza mpaka nikamaliza kamera, spika na intaneti.

"Sauti ilikuwa ya nani?"

"Yangu, tata."

"Na maneno?"

"Yangu. Lakini yalikuwa ya wezi."

"Mimi sikuona mwizi pale." Akanyoosha mguu. "Mashine yako haina kosa. Imesema ulichoifundisha. Kunywa chai uende, mawingu hayo yanakuja."

Kigoda kikaenda kwa mdogo wangu. Habari hiyo mke wangu aliipata dukani, kutoka kwa mteja aliyekuwa akijaribu sketi.

Nami nikafanya ninachokijua: nikauboresha mtambo. Sasa kamera inatambua nyuso. Nimeilisha picha za baba zote, hata ya harusi yetu, amesimama mbali na mlango. Akitokea, spika itamwambia kwa sauti yangu nyororo, karibu tata, keti. Kuijaribu lazima niinue picha yake mbele ya kamera, kwa hiyo siku nyingi utanikuta verandani nimeishika mikononi, najikaribisha mwenyewe.

Jirani yangu alinikuta hivyo akikatia ng'ombe nyasi kwenye ua. Mbwa wake alikuwa amelala getini, anajikuna.

"Hiyo sasa inamjua kila mtu?" akauliza.

"Inamjua baba. Hata gizani."

Akakata nyasi kidogo, akafunga mzigo, akaujaribu uzito wake.

"Mbwa wangu ni mjinga na amejaa viroboto," akasema, "lakini siku ile baba yako alipopita hapa na kigoda kichwani, alimtingishia mkia akamsindikiza mpaka barabarani."