Robine moja ya Katuba

Wifi yangu ndiye aliyenieleza kwanza. Anasafisha madarasa ya chuo kikuu, nami namwamini kwa sababu hajui kupamba habari.

Alikuwa akifuta madirisha wakati profesa wa fedha alipowauliza wanafunzi wake, "Muntu hana nyumba, hana mushahara. Mutamukopesha?" Wote walikataa. Profesa akamgeukia yeye. "Mama, kwenu munachangiana likelemba, kila mwezi mumoja anabeba feza zote. Zamu ya kwanza munapatia nani?"

"Mwenye shida, Prof. Mwaka jana ilikuwa wifi yangu. Alizaa, maternité ikakataa kumuachilia kama hajalipa. Tukamupatia zamu ya kwanza, akatoka na mutoto."

"Na kama angekimbia?"

"Akimbie wapi, Prof? Sisi wote wa Katuba kwetu tunachota maji ku robine moja."

Wanafunzi walicheka. Profesa hakucheka. Aliandika ubaoni "robine moja", akapiga mistari miwili chini yake, akawaambia wanakili.

Wifi huyo aliyetolewa maternité ni mimi. Sikuvuka shule ya msingi, na sasa nimefika chuo kikuu bila hata kulipa nauli. Nilicheka, kisha nikaikumbuka siku ile ya maternité. Mchango wangu sijaukosa hata mwezi mmoja, lakini kwa kuona haya, neno la shukrani sikuwahi kulitamka.

Kesho yake asubuhi nilifika kwenye robine kabla ya wenzangu wa likelemba. Kila mama aliyekuja nilimjazia ndoo, nikamtwika, nikamwambia, "Aksanti kwa siku ile." Ndoo yangu niliijaza mwisho.