Ukingo Mkavu wa Beseni

Pyo Sang-uk alikuwa mtu wa mabeseni. Usicheke. Pale kiwanda cha kusafisha mafuta cha Ulsan wenzake walichora minara na matanuri, yeye akachora beseni la zege linalokaa chini kabisa, mahali ambapo hakuna anayepapiga picha. Juu ya mnara hewa hunyonywa yote. Maji na mafuta machafu hushuka yenyewe, kwa uzito wake tu, katika bomba refu, na mdomo wa bomba hilo huzama ndani ya beseni. Maji hayo ndiyo kufuli: uchafu unatoka, hewa haiingii. Hewa ikikutana na mafuta ya moto mle ndani, basi tena.

"Hili beseni au bwawa la kuogelea?" wahasibu walimkejeli.

"Mashine ikianza kunyonya, bomba linapandisha maji mita kumi," aliwajibu. "Maji yajaze bomba zima, na bado yafunike mdomo wake. Mkinipunguzia, tutazika watu."

Aliwashinda. Akashusha kidogo ukingo wa mbele, ili beseni likijaa maji yamwagike hapo na kila mwenye macho aone.

Siku ya kuwasha mnara mwenyekiti wa kampuni alikuja na wageni. Meza ikatandikwa: kichwa cha nguruwe kilichochemshwa, noti mdomoni, na pombe ya mchele. Hakuna mtambo unaowashwa Ulsan bila watu kuinamia kichwa cha nguruwe. Shida ikawa harufu, maana majaribio ya wiki ile yalikuwa yameacha beseni linanuka mayai viza. Mkurugenzi Ham akaamuru limwagwe, lisuguliwe kwa sabuni, lipakwe rangi, lijazwe upya. Wafagizi wakajaza mpaka mdomo wa bomba ukazama, wakaona yametosha. Nani asingeona yametosha?

Sang-uk aliinama na wenzake. Alipoinuka akauona ukingo: mkavu, rangi mpya inang'aa, hata tone hakuna. Beseni halijajaa! Na juu, kwenye jukwaa la mnara, alikuwa Gu Deok-jin, mume wa dada yake, amesimama kwenye valvu. Asubuhi tu walikuwa wametaniana.

"Shemeji, tai hiyo! Unaoa tena?"

"Nyamaza wewe, uliyemwoa dada yangu na viatu vya kuazima!"

Mwenyekiti alikuwa anahutubia. Sang-uk akamnong'oneza Ham, "Mkurugenzi, maji hayatoshi. Wasiwashe kwanza."

"Una wazimu? Mzee anaongea. Subiri amalize."

Amalize! Si akimaliza ndiyo anabonyeza kitufe? Mtu aliyepigana na wahasibu mwaka mzima alishindwa kumkatiza mzee maneno. Adabu gani hiyo, jamani? Akainua mkono kuelekea jukwaani kumzuia shemeji yake, kiganja wazi, usawa wa kifua tu, wageni wasije wakamwona. Deok-jin akamwona. Akatabasamu, akampungia.

Kitufe kikabonyezwa, watu wakapiga makofi. Maji ya beseni yakapanda bombani, mdomo wa bomba ukabaki wazi, ukaanza kukoroma. Hapo ndipo Sang-uk alipopiga kelele. Hakuna aliyemsikia, kwa sababu mnara ulikuwa umeshalipuka, na jukwaa halikuwepo tena.

Msibani, dada yake Ok-bun, ndani ya nguo nyeupe za katani, aliwapakulia wageni mchuzi wa pilipili mpaka mikono ikamkatalia. Kisha akaja kukaa karibu naye.

"Kaka, wanasema ulikuwa unamwangalia."

"Ndiyo."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alinipungia mkono."

Ok-bun akalia kwa sauti. Aliponyamaza akaushika mkono wa kulia wa kaka yake, akaukumbatia kifuani.

"Na wewe ukampungia?"

Watu walikuwa wanawatazama.

"Nilimpungia."

"Afadhali," Ok-bun akasema. "Angalau mliagana."