Redio Zilizoazimana Viungo

Mwaka wa sabini na tisa, pale Iringa mjini, ungempelekea Liberatus redio bubu naye angekurudishia ikiimba. Sauti ameitoa kwenye koo la nani, hilo hukuuliza. Spea ziliadimika kuliko sukari, kwa hiyo alifanya alivyofundishwa na baba yake mdogo, Timotheo, aliyemwachia kibanda: anang'oa kiungo kwenye redio ya mtu asiye na haraka, anakitia kwenye ya mwenye makelele. Akija yule mpole, anaazima kwa wa tatu. Kipi ni cha nani hakikuandikwa popote, kilikaa kichwani mwake tu. Ndiyo maana miaka sita hakuwahi kulala siku mbili nje ya mji. Dada yake wa Mbeya alijifungua mara tatu bila kumwona mjomba wa watoto. Mfungwa anajua siku yake ya kutoka. Liberatus ufunguo wa kibanda alikuwa nao mfukoni, na hatoki.

Ndipo akaja Edmund, injinia aliyerudi masomoni Ulaya na televisheni. Televisheni, na Tanzania Bara nzima hakuna kituo cha kurusha picha! Lakini yake haikungoja kituo. Aliiunganisha na kompyuta ndogo ya mezani, ambayo namna ilivyopita forodhani anajua mwenyewe, na kwenye kioo kikatokea kitone cheupe cha kuendeshwa kwa mkono. Tatizo, kishikio cha kukiendeshea kilivunjikia safarini. Edmund alikuwa anafungua karakana ya vipimo Mbeya. Akasema atakayemtengenezea kishikio kingine ataondoka naye Jumamosi, na Jumatatu kishikio hicho ndicho kitakachomwombea kazi mbele ya wakubwa.

Liberatus akakifungua kile kilichovunjika, akacheka peke yake. Ndani mlikuwa na volyumu mbili tu, ndugu wa zile za redio: moja ya kushoto na kulia, nyingine ya kupanda na kushuka. Akafunga mbili za redio za wateja kwenye kopo la maziwa, akachomeka kipande cha mpini wa jembe. Kitone kikatambaa kama kinyonga, halafu ghafla kikaruka ukingoni kama kimeumwa na siafu. Akabadilisha volyumu. Kikaruka tena. Akapekua rafu nzima, mpaka akafika kwenye redio kubwa ya mama Lea wa Madibira, yenye volyumu mbili, ya sauti na ya besi. Hizo zikaenda laini kama uji wa mgonjwa. Akaongeza vipande vya mpira wa baiskeli vya kurudisha kishikio katikati, na Edmund akacheza mpaka chai ikapoa.

Wiki ile Liberatus alirudisha viungo kwa wenyewe, aondoke na roho safi. Kila redio ikafa upya, lakini ikafa na maini yake. Wenye redio walikuja wakazibeba, na maneno waliyomwachia hayafai kuchapwa. Ikabaki moja.

Ijumaa mama Lea akatokea, vumbi la Madibira hadi kwenye nyusi. "Kamwene," akamsalimu, akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Mwanawe Kasian alikwenda vitani Uganda, na sasa askari wanarudi. Alitaka kusikia vikosi vikitajwa. Liberatus akamweleza habari za vipuri, za Dar, za meli. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, mimi sina haraka," akasema. "Miezi minane sikukusumbua. Nitalala kwa shemeji, kesho nitakuja kukaa hapa hapa."

Angepiga kelele, Liberatus angejua la kufanya. Watu wa kelele alikuwa na dawa yao.

Jumamosi asubuhi alimkuta Edmund anafunga mizigo kwenye Land Rover, kishikio kimelazwa kwenye kiti cha mbele kama bwana harusi. Begi la Liberatus lilikuwa begani, bisibisi mkononi. Akaeleza yote, hata yale ya kuaibisha.

"Mpe nyingine," Edmund akasema.

"Zimekwisha, bwana. Nyingine zote nimewarudishia wenyewe."

"Na Jumatatu niwaonyeshe nini? Kopo?"

Edmund akatazama saa, akatazama bisibisi. "Haya, fungua. Ukipata zingine niandikie."

Wote wawili walijua barua hiyo haina karatasi. Volyumu zilitoka kwa dakika tano. Kuzifunga kulikuwa kumemla siku nne.

Kibandani alizichomelea akiwa bado na begi begani. Mama Lea akaweka betri mwenyewe. Redio ikakohoa, kisha mtangazaji akaanza habari za mbolea, wala askari hakutajwa hata mmoja. Mama akatabasamu kama ametajiwa Kasian.

"Na hilo begi, mwanangu? Unasafiri?"

"Hapana, mama. Ni la vyombo."

Land Rover ilikuwa inapita nje kuelekea mteremko wa Ipogolo, ikipiga honi ya kuaga. Mama Lea, asiyetaka neno hata moja la redio limpite, akazungusha volyumu mpaka mwisho.