Kipimo cha Mama Mkwe

Mashine pekee niliyoibuni maishani mwangu niliibuni kwa sababu niliona haya kumgusa mama mkwe. Watu wakiniuliza huwaambia kwamba nilipenda umeme tangu utotoni. Ni kweli nilipenda, lakini ukweli wenyewe ni huo wa haya.

Kwetu bara, mwanamume hali chakula mbele ya mama mkwe wake, hampi mkono, na akimwona anakuja njiani hukata kona akajifanya anatafuta mbuzi aliyepotea. Nimekulia humo. Kisha nikaja Kibiti kutengeneza redio, nikaoa binti wa watu wa delta, na tulipopata mtoto, mama mzazi wa mke wangu, mjane wa kijiji cha Kiongoroni, akaja kukaa nasi. Yeye hakuja na haya hata chembe. Siku ya kwanza alinikuta kibarazani nimeinamia redio ya mteja. Niliinuka, nikapita mbio chumbani, nikatokea mlango wa nyuma. Nilimsikia akimuuliza mke wangu kwa sauti ya makusudi:

"Huyu mkwe wangu ananiogopa, au nnanuka papa?"

Tukaishi hivyo miaka miwili. Asubuhi nilimwamkia kupitia ukutani, "Shikamoo mama," naye alijibu, "Marahaba baba, ukuta wako haujambo?" Nilimpenda sana, nasema wazi, labda kuliko nilivyompenda shangazi yeyote wa kwetu. Alinipikia samaki wa nazi na kumpa mke wangu aniletee kibarazani, na sahani ikirudi na mabaki alitaka kujua kosa liko wapi. Jioni yeye alikaa uani na mimi kibarazani, tukasikiliza redio moja, nyumba nzima ikiwa katikati yetu. Niliongeza sauti ili imfikie, na majirani wakadhani mimi ni kiziwi.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka ya Kibiti, ambayo zamani ulipanga foleni kupata kipande cha sabuni, yalijaa redio kaseti zinazong'aa kwa nje na kuharibika kabla ya mwezi kwisha, na mimi nikapata kazi tele. Wanunuzi binafsi wa korosho nao walikuja, mmoja akafungua ghala jirani na kwetu na kuweka mizani kubwa ya magunia. Mama mkwe akafanya urafiki na mwenye mizani. Kila Ijumaa alipanda juu yake na kanga zake mbili, akashuka na habari.

"Nimeongeza kilo mbili. Mwambie mkwe wangu ananilisha vizuri."

Ijumaa iliyofuata, kilo mbili tena. Majirani walimsifu kwamba amenawiri. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na hapendi hesabu zinazokuja vizuri mno, hakufurahi. Aliona viatu vya mama yake vimeanza kubana. Aliona kwamba akitoka kisimani anasimama mara tatu kuhema. Siku moja alimbonyeza ugoko kwa kidole gumba, shimo likabaki.

"Mama, umevimba. Twende Utete hospitali."

"Andazi likiumuka vizuri halibonyei? Nnakula, nnalala, mizani inasema nnanenepa. Utete nikawaoneshe unono?"

Walibishana juma zima. Mwishowe mama mkwe akatoa hukumu yake, nami nikaisikia kibarazani.

"Mkwe wangu akiniambia nnaumwa, nitakwenda. Yeye ndiye anayejua mambo ya ndani ya vitu. Lakini aje aniambie mwenyewe."

Mke wangu alikuja, akasimama mbele yangu, mikono kiunoni. Nilimwambia anisemee. Akasema mama yake hataki salamu za kutumwa. Nilimwambia siwezi kusimama mbele ya mama mkwe nikataja miguu yake. Akaniambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Hasira zikanipanda, nikageuza uso kwenye kazi, na nikiwa nimegeuza uso hivyo ndipo nikakumbuka kile kidude cha mtafiti.

Miezi kadhaa nyuma, mtafiti mmoja aliyekuwa akipita vijijini kupima afya za watu aliniletea kifaa chake kilicholiwa na kutu ya betri. Kilipima mwili kwa umeme. Aliponieleza sikumwamini, lakini nilipokifungua nilishangaa jinsi kilivyo rahisi. Mwili una maji yenye chumvi, na umeme hupita kwenye maji ya chumvi bila shida. Mafuta ya mwili huuzuia. Ukipitisha umeme mdogo sana, usiosikika kabisa, kutoka mkononi hadi mguuni, ukapima umepata kizuizi kiasi gani, unaweza kukadiria ndani mna maji kiasi gani. Nilikitengeneza, na kabla sijamrudishia mwenyewe nilichora mpangilio wake nyuma ya kalenda.

Nikafikiri hivi: mama mkwe anataka nimwambie mimi, na mimi siwezi kumwambia. Basi mashine imwambie.

Nilifanya kazi hiyo majuma mawili, redio za watu zikisubiri na wenyewe wakininunia. Nilitumia betri nne za tochi tu, kwa sababu sikutaka umeme wa ukutani uwe popote karibu na mama wa watu. Transista na koili zilitoka kwenye redio zilizokufa. Mshale wa kuonyesha niling'oa kwenye redio kaseti, ule unaocheza muziki unapopigwa. Vibati vya kugusa mwili nilikata kwenye kopo la maziwa ya unga, nikavivika kitambaa kilicholowekwa maji ya chumvi, viwili vya mkono na viwili vya mguu. Mshale ukilala kushoto, maji ni mengi; ukienda kulia, ni machache. Niliijaribu mwilini mwangu kwanza. Mara ya kwanza umeme uliniuma kama siafu, nikaruka nikaangusha kiti, na kutoka uani nikasikia, "Ukuta umeanguka?" Nilirekebisha mpaka ukawa hausikiki.

Kisha nikafanya jambo ambalo wakati ule niliona ni la akili sana. Nilifunga nyaya ndefu, hatua kumi na mbili, zitoke kwenye mashine kibarazani, zipite dirishani, zikatize chumbani, zifike uani. Mke wangu angemfunga mama yake vibati huko, mimi ningesoma mshale huku. Ili zisimkwaze mtu nilizisokota pamoja kama kamba.

Mama mkwe alifurahi mno. Alioga, akavaa kanga mpya, akaketi mkekani kama bibi harusi. Nilisoma mshale: kushoto. Lakini nilipojipima mimi kwa nyaya zilezile, nao ulikuwa kushoto, karibu palepale. Nikamtuma mke wangu amwambie tutapima tena baada ya siku kumi, tuone mshale unaelekea wapi.

Baada ya siku kumi mshale ulisimama mbali kulia.

"Maji yamepungua," nilitangaza kupitia dirishani, kwa sauti, na ndilo neno refu kuliko yote niliyokuwa nimewahi kumwambia.

Vigelegele vilivyopigwa uani vilimwamsha mtoto. Mama mkwe alikwenda kumsimulia mwenye mizani. Mchana ule mke wangu alinishika mkono, akanipeleka kwenye dirisha la uani nichungulie. Mama yake alikuwa amelala usingizi wa adhuhuri akiwa amekaa, mgongo ukutani, kwa sababu akilala chali alikosa pumzi. Mdomo ulikuwa wazi. Alihema kama mtu aliyepanda mlima.

"Mashine yako inasema amepona," mke wangu akasema. "Wewe unasemaje?"

Nilirudi kibarazani. Nikachukua rezista moja, kipande ambacho ukinzani wake umeandikwa juu yake na haubadiliki, nikaifunga mwisho wa zile nyaya badala ya mtu. Mshale haukusema ukweli. Niliposogeza nyaya, ulisogea. Nilipozibana pamoja, ulilala kushoto. Hapo nikamuuliza mke wangu kama amezigusa. Akasema ndiyo, alizisokotoa, akazitundika kila mmoja msumari wake, maana mtoto alikuwa akizivuta.

Umeme wa namna ile, nyaya zikiwa ndefu na zimekaribiana, huvuka kutoka waya mmoja hadi mwingine bila kufika mwilini, kama majirani wanavyopitishiana chumvi juu ya ua bila kuzunguka mlangoni. Siku ile ya kwanza nilipima kamba yangu. Siku ya pili nilipima misumari ya mke wangu. Mama mkwe sikuwa nimempima hata mara moja. Nilikuwa nimemwambia mgonjwa kwamba amepona, kwa sababu ya hatua kumi na mbili za adabu.

Nilikata nyaya. Nilibakiza urefu wa mkono mmoja. Nikabeba mashine kifuani, nikapita chumbani, nikasimama mlango wa uani.

"Hodi mama."

Alifungua macho. Alinitazama, nadhani kwa mara ya kwanza alinitazama sawasawa, maana kabla ya hapo alikuwa akiona kisogo tu.

"Karibu baba. Umepotea njia?"

"Hapana mama. Nilikosea kukupima. Nyaya zilikuwa ndefu."

"Sasa?"

"Sasa ni fupi."

Alinyoosha mguu. Nilipiga magoti mkekani, nikamfunga vibati kwa mikono yangu, mkononi kisha mguuni, huku jasho likinidondoka puani. Nilipoachia kifundo cha mguu, niliona vidole vyangu vyote vimeacha mashimo. Nilipima. Nilimpima na mke wangu, nikajipima mwenyewe, na sisi wawili mshale ulisimama katikati. Kwake ulilala kushoto kabisa ukagusa ukingo.

Mke wangu aliniangalia. Hakukuwa na dirisha la kusemea.

"Mama, unayajua magunia ya korosho yanayonyunyiziwa maji ili yaongeze uzito?"

"Nnayajua. Na mimi nimenyunyiza, Mungu anisamehe."

"Basi ndivyo mizani ilivyokupima. Si unono, mama. Ni maji. Unaumwa."

Aliutazama mguu wake.

"Umeniambia mwenyewe," akasema.

"Nimekuambia."

Akamgeukia binti yake. "Nifungie nguo. Na ile kanga ya kijani."

Utete daktari alimbonyeza ugoko kwa kidole gumba, akatazama shimo, akasikiliza kifua, akasema ni moyo, na kwamba tungechelewa kidogo tu tungekuja kwa shughuli nyingine. Mashine nilikuwa nayo mapajani, ndani ya kikapu. Hakuuliza ni ya nini. Nilichukia kidogo, sifichi, kisha nikamshukuru Mungu. Walimpa vidonge vya kutoa maji na wakamkataza chumvi, na kuachishwa ng'onda, samaki wake wa chumvi aliyemla tangu utoto, kulimliza kuliko ugonjwa. Alirudi Kibiti baada ya majuma mawili akiwa amepungua mpaka kanga zinamzunguka mara mbili. Alimwambia mwenye ghala kwamba mizani yake ni nzima, ila ilidanganywa na gunia.

Daktari alitaka aangaliwe maji yasirudi. Kwa hiyo kila Ijumaa, badala ya mizani, nilikwenda uani na mashine yangu.

Miezi michache baadaye nilikwenda Dar es Salaam kununua vipuri, nikaona waya wa antena ya televisheni, ule wenye wavu wa shaba unaouzingira. Nilijua mara moja kwamba huo, ukiwa mrefu, hautavujisha umeme kama zile za kwanza. Nilinunua wa kutosha kutoka kibarazani hadi uani. Nilidhani namfanyia heshima.

Ijumaa ile nilimwonyesha. Aliupima kwa dhiraa, kutoka kiwiko hadi kidole, dhiraa baada ya dhiraa.

"Wa nini huu wote?"

"Nikiufunga huu, mama, naweza kukupima nikiwa kulekule kibarazani. Na haukosei."

Aliukunja polepole, akaniwekea mapajani.

"Urudishe dukani," akasema, na akanyoosha mguu.