Mama na Ziwa Katika Simu Moja

Jumamosi tulikuwa tukifua nguo ufukweni mwa ziwa, chini ya mtaa wetu wa Kasenga, mama mmoja alipompigia mwanawe aliyehamia Kanada. Alikuwa amesuka nywele na kuvaa kitenge kipya ili mwanawe amwone.

“Mama, geuza telefone kidogo, nione ziwa,” kijana akasema.

“Angalia minye mama yako kwanza.”

“Nimekuona, mama. Sasa ziwa.”

Mama akashika kiuno. “Weye unapenda ziwa tangu lini? Si maji hii ulikuwa unalia nikikutuma kuichota?”

“Huku maji iko mingi, mama, lakini haina milima nyuma yake.”

Mama akavua kandambili, akaingia majini hadi magotini, kitenge kikaelea, naye akainua simu juu. “Haya. Ukitaka ziwa, utatuona wote wawili.”

Kijana akacheka mpaka akakohoa. “Mama, uko muzuri sana.”

“Mumesikia?” mama akatuuliza, akiwa amelowa na kung’aa.

Tulikuwa tumesikia. Inaelekea ziwa letu huonekana vizuri zaidi kutoka Kanada, maana sisi tuliobaki tulikuwa tumeligeuzia mgongo tangu asubuhi. Bila kuambiana, tukageuza mabeseni kuelekea ziwani.